Raha ya Kazi Inayoisha

Kazi ya uhasibu haina siku ambayo mtu hufunga vitabu akasema amemaliza. Mwezi ukifungwa, mwingine umeshaanza. Hesabu za mwaka zikikabidhiwa, wakaguzi wanaingia na maswali yao, na majibu ya maswali hayo yanazaa maswali mengine. Siilalamikii kazi hiyo, maana ndiyo inayosomesha watoto na kulipa umeme, lakini nimekuja kuamini kwamba mtu anayeshinda kwenye kazi isiyo na kikomo anahitaji, nyumbani kwake, kazi zenye mwisho unaoonekana kwa macho: pindo lililokamilika, tuta lililovunwa, sufuria iliyoepuliwa. Wengi huyaita mambo haya ya kupitishia wakati. Kwangu mimi uzito wake ni mkubwa zaidi, na ushahidi wangu wa kwanza ni kanga.

Anayenunua doti ya kanga hajanunua vazi bado. Amenunua kitambaa kinachosubiri mkasi na sindano. Hapa Tanga mafundi wanaokaa na vyerehani vyao barazani, kule Ngamiani, watakupindia kanga zako kwa fedha kidogo huku umesimama, na watu wengi hawajapata kufikiria njia nyingine. Mimi hupinda mwenyewe. Doti huitandaza juu ya meza ya kulia, nikapitisha mkasi palipo mpaka kati ya kanga moja na ya pili, taratibu, kwa sababu mkasi ukienda upande, pindo la kanga moja litakuwa jembamba kuliko la mwenzake na kila atakayeivaa atalionea haya. Pande ndefu hazina kazi, kwa kuwa kingo zake zimefumwa kiwandani na hazifumuki. Kazi iko kwenye pande fupi, ambazo ni nne kwa doti nzima. Kila upande hukunjwa mara mbili ili nyuzi zilizokatwa zifichike ndani, na mkunjo wenyewe, kwa maagizo ya mama yangu ambayo hakuyalegeza hata siku moja, usizidi upana wa punje ya mchele. Wapo wanaopiga pasi kwanza. Mimi huubana mkunjo kwa ukucha wa kidole gumba kadiri kitambaa kinavyosogea, mguu ukiendelea kukanyaga, na kwa vile upande mfupi wa kanga ni mita moja na ushei tu, mwisho wake hauko mbali: uzi unakatwa, kanga inageuzwa, upande wa pili unaanza. Kabla maharage hayajaiva jikoni, doti imekwisha kuwa kanga mbili, na hakuna mkaguzi wa kuniuliza lolote.

Kupinda nyumbani kuna faida nyingine, nayo ni kwamba jina la kanga husomwa kwa sauti. Binti yangu mdogo, ambaye ndiyo kwanza anaunganisha silabi, husimama upande wa pili wa meza na kuyasoma maneno yakiwa kichwa chini, akinyoosha kidole juu ya kila herufi kabla haijaingia chini ya sindano, jambo linalonilazimisha kusimamisha mguu kila mara. “Wema hauozi” alilielewa papo hapo. Yale majina ya mafumbo, ambayo mtu huyanunua ili jirani ayasome, humsumbua zaidi. Siku moja aliuliza, “Mama, huyu anaambiwa nani?” Kabla sijapata jibu, bibi yake akadakia kutoka mkekani: “Anayejua kwamba anaambiwa, mjukuu wangu.”

Kuhusu kitambaa chenyewe nina msimamo, na siuonei aibu. Kanga iwe ya pamba. Hizi za polista zinazong’aa dukani zinateleza chini ya sindano, hazinyonyi jasho, na ukijifuta nazo maji usoni unayasambaza tu. Sisi wa Tanga tuna bahati ya kuwa karibu na Mombasa, ambako familia ya Kaderdina Hajee Essak imekuwa ikifanya biashara tangu mwaka 1887 na kanga zake za “Mali ya Abdulla” zinajulikana pwani nzima. Doti hizo huvuka mpaka wa Horohoro na kutufikia bila safari ndefu. Mama yangu, kwa upande wake, husifu vitambaa vya kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960, na bado ana kitenge kimoja cha wakati huo ambacho hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Nilipomwomba nikikate nimshonee gauni, alicheka tu, akakirudisha sandukuni.

Cherehani niliyonayo ni yake pia. Ni ya kukanyaga kwa mguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika nusu pale mkono wa mshonaji unapopita. Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake ya kushonea huko Marekani mwaka 1851, na mtu akifungua kile kibao kidogo cha chuma chini ya sindano ya cherehani yoyote ya kawaida ya leo atakuta msingi ni uleule: uzi wa juu unashushwa na sindano, kitanzi chake kinanaswa chini na kuzungushwa kwenye uzi wa bobini, kisha nyuzi mbili zinakabana katikati ya unene wa kitambaa. Kulijua hilo kunaokoa fedha za fundi. Vijitanzi vikionekana upande wa chini wa mshono, basi uzi wa juu umelegea, na dawa yake ni kukaza skrubu ile ya mbele kidogo, robo ya mzunguko kwa wakati mmoja. Vikionekana upande wa juu, uzi wa juu umebana kupita kiasi na skrubu inalegezwa. Mengine ni mafuta na kitambaa kikavu, kwa sababu hewa ya bahari hapa kwetu hula chuma, na cherehani iliyoachwa bila kutiwa mafuta msimu mzima itakwambia kwa sauti yake yenyewe. Umeme ukikatika jioni, nasogeza meza dirishani na kazi inaendelea.

Magauni ya watoto nashona machache, hasa kabla ya Idd, wakati ahadi za mafundi zinapokuwa nyingi kuliko saa za siku. Gauni la mtoto halihitaji elimu kubwa. Kiunoni mwa binti yangu kuna inchi 22, kwa hiyo sketi nakata inchi 44, napiga mistari miwili ya mishono mirefu iliyolegea kwenye ukingo wa juu, kisha navuta nyuzi za chini kwa pamoja hadi marinda yajikusanye na kutoshea kiuno. Shingo na makwapa navalisha utepe uliokatwa hanamu kutoka kwenye kitambaa hichohicho, kwa kuwa kitambaa kilichokatwa hanamu hufuata mviringo bila kukunjamana. Ndani napeleka kwa fundi kupigwa ovaloki, basi. Zipu naikwepa kila inapowezekana. Vifungo viwili mgongoni vinatosha, na mtoto anajifunza kuomba kufungwa kwa adabu.

Bibi niliyemtaja ni mama mkwe wangu, mzaliwa wa Pangani, ambaye tunaishi naye. Yeye hashoni kwa cherehani. Kazi yake ni ukili. Ukindu humfikia ukiwa umeshakaushwa. Yeye huuchana kuwa nyuzi za upana mmoja, ukindu mwingine huuchemsha kwenye sufuria kuukuu pamoja na rangi, nyekundu ya damu ya mzee na zambarau, kisha husuka ukili mrefu anaouviringisha pembeni yake mpaka uwe duara kubwa kama gurudumu. Anasuka bila kutazama, akizungumza na wageni, na vidole havikosei mlango. Ukili ukitosha, ndipo huchukua shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, na kuunganisha mstari kwa mstari, ukingo kwa ukingo, mpaka mkeka uenee sebuleni. Kwa kuwa macho hayamsaidii tena kwenye kitundu cha sindano ndogo, vifungo vya shati lake la kulalia na viraka vya foronya huwasubiri wajukuu watoke shule. “Shikamoo, bibi.” “Marahaba. Vueni viatu, mninawie mikono, mje mnitungie uzi.” Kijana wangu mkubwa, ambaye akiombwa kupiga deki husikika akihema mpaka barabarani, hutunga uzi sindano tano mfululizo na kuzichomeka kwenye mto wa kochi ili bibi asikwame akiwa peke yake asubuhi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Nyuma ya jiko kuna kipande cha ardhi ambacho ningekipima kwa hatua chache tu, na humo nina matuta ya mchicha, tuta moja la matembele, mchaichai pembeni ya bomba, na mrehani karibu na mlango kwa ajili ya harufu. Mchicha ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu ileile ya kanga: unaisha. Mbegu zake ni ndogo na nyeusi, zinazong’aa, na ukizimwaga kama zilivyo zitarundikana mahali pamoja. Kwa hiyo nazichanganya na mchanga mkavu, nazinyunyiza kwenye vijifereji vya kina cha nusu ya kucha, nafukia kidogo sana, kisha nafunika tuta kwa makuti makavu ili jua na kuku wasiziharibu. Baada ya siku kama tano makuti yanaondolewa na tuta limeota rangi ya kijani. Miche iliyobanana napunguza, na hiyo niliyoing’oa ndiyo mboga ya kwanza, laini, isiyohitaji hata kukatwa. Wiki ya tatu au ya nne tuta zima liko tayari. Shina moja au mawili nayaacha yatoe maua na mbegu za msimu ujao, ingawa majani yake wakati huo yameshakuwa magumu.

Katika masika, kati ya Machi na Mei, mvua ya hapa humwaga udongo juu ya majani na kuozesha mizizi, hivyo matuta nayainua na pembezoni naweka makumbi ya nazi kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Wakati wa kiangazi makumbi hayohayo nayasambaza juu, yanatunza unyevu. Viwavi wanaokunja majani nawaokota kwa mkono alfajiri kabla ya kwenda kazini. Wakizidi, naloweka majani ya muarobaini usiku kucha na kunyunyiza maji yake. Kuna wanaonihurumia kwa kuamka mapema hivyo. Lakini saa kumi na mbili asubuhi, kabla simu haijaanza kulia, ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna anayejua niko wapi.

Mama mkwe ndiye aliyenionyesha jinsi nyumba hii inavyojilisha. Nazi inakunwa kwa mbuzi, tui linakamuliwa, machicha yanabaki. Machicha wanapewa kuku. Kuku wanatoa samadi, ambayo tunairundika kwenye kona na kuiacha mpaka harufu yake kali iishe, kwa maana ikitumika mbichi huunguza mizizi. Samadi inaingia kwenye tuta, tuta linatoa mchicha, na mchicha unakwenda kupikwa kwa nazi nyingine.

Upishi wenyewe ni mfupi, ila una masharti. Mchicha huoshwa kwa maji mengi zaidi ya mara moja, kwa kuwa hakuna kinachoharibu karamu kama mchanga kati ya meno, kisha hukatwakatwa. Nazi moja kubwa hukunwa. Bibi hakubali blenda ifanye kazi hiyo, na nimeacha kubishana naye kwa sababu tui la mbuzi kweli ni tamu zaidi. Mkamuo wa kwanza, kwa maji kidogo ya uvuguvugu na kifumbu, hutoa kasimile, ambalo huwekwa kando kwenye bakuli. Wa pili na wa tatu hutoa tui jepesi. Kitunguu na nyanya huchemka ndani ya tui hilo jepesi mpaka nyanya zipotee, chumvi inaingia, pilipili mbuzi nzima inaelea juu bila kupasuliwa, ndipo mchicha unatiwa na sufuria inaachwa wazi ili majani yasibadilike rangi. Majani yakishalegea, kasimile linamiminwa. Kuanzia hapo hakuna kuondoka. Mwiko unazunguka polepole, bila kusimama, mpaka mchuzi utoe mapovu madogo ukingoni, na sufuria inaepuliwa papo hapo, kwa sababu tui likiachwa litokote kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea upande mmoja na machicha madogomadogo upande mwingine. Tunakula kwa wali uliopaliwa makaa, vibua vya kukaanga vilivyochanjwa ubavuni, na ndimu. Siku za Ijumaa bakuli moja huenda kwa jirani wa kulia, na kwa kuwa huku kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, jioni hurudi na vitumbua au maembe, kutegemea msimu.

Nimeulizwa na wenzangu kazini kama kuna faida yoyote, na kwa kuwa mwulizaji mmoja ni mhasibu mwenzangu, nilimjibu kwa lugha yetu. Kwenye karatasi ni hasara tupu. Fungu la mchicha sokoni Mgandini halizidi bei ya soda, na ukiweka maji, mbegu na saa zangu kwenye hesabu, mchicha wangu ni wa kifahari. Gauni la mtumba la mtoto, likichaguliwa vizuri siku ya kufunguliwa robota, litakuwa rahisi kuliko kitambaa, uzi na ovaloki ya lile ninaloshona. Mkeka wa plastiki unauzwa kila kona. Ninayoyapata hayana safu ya kuandikwa: kijana anayetunga uzi bila kutumwa, binti anayesoma kanga kichwa chini, mama mkwe mwenye sababu ya kuulizwa “kasimile niweke sasa au nisubiri?” kila jioni, na mimi mwenyewe ninayelala nikijua kuwa leo kuna kitu kimoja, hata kama ni upande mmoja wa kanga, ambacho kilianza na kikaisha. Mwenzangu alisema hayo hayakaguliki. Nikamwambia ndiyo raha yake.

Hata hivyo, mume wangu kwa miezi kadhaa amekuwa akitaka ua mzima uwekwe pevingi, kama walivyofanya majirani wawili wa mtaa wetu. Sababu zake si za kupuuzwa: tope la masika linaingia mpaka sebuleni, gari linakwama, na ua wenye pevingi hufagiliwa kwa dakika tano. Lakini maji ya mvua hayana pa kuingia kwenye ua wa namna hiyo, yanakimbilia kwa jirani wa bondeni, na joto la mchana linabaki kwenye zege mpaka usiku. Tulibishana kwa heshima, mara nyingine mbele ya bibi, ambaye alikaa kimya akisuka ukili wake na hakuegemea upande wowote mpaka alipoulizwa. Alisema yeye hana neno, ila anataka kujua bamia za mwanawe zitapandwa wapi. Mume wangu hupenda bamia na bada, yaani ugali wa muhogo, kuliko chakula chochote duniani, na nadhani alikuwa hajaliangalia shauri lake kwa upande huo.

Tumekubaliana hivi: mbele, gari linapoegeshwa, na njia ya kufika mlangoni, vitawekwa pevingi, nyuma ya jiko hapaguswi, na tuta moja litaongezwa kwa ajili ya bamia, ambazo atazimwagilia mwenyewe na kuzichuma kila baada ya siku mbili kabla hazijakomaa na kuwa kamba. Fundi wa pevingi anakuja Jumamosi. Kamba ya mpaka nimeshaifunga, na vijiti vyake nimevipigilia kwa nyundo.